Imani ya Umma na Ulazima wa Kuvuka

Imani ya raia kwa taasisi, yaani matarajio yake kwamba chombo cha umma kitamtendea haki hata pale ambapo hana uwezo wa kukilazimisha, haipimwi kwa wingi wa watu wanaokitumia chombo hicho. Mnamo 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama na kuua watu 272, na bado wakazi wa Likoni na Mtongwe waliendelea kuvuka kwenda kisiwani Mombasa, kwa kuwa kazi, hospitali na soko vilikuwa ng'ambo. Huo ni utegemezi wa lazima. Imani huanza pale mtu anapoweza kukataa, kuhoji na kujibiwa.

Wanaodai kwamba vyama vingi vimewapunguzia Wakenya imani waliyokuwa nayo zamani huisahau tofauti hiyo. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya mgombea wao na mstari mfupi uliweza kutangazwa mshindi, wengi walinyamaza, na ukimya uliozaliwa na hofu hauwezi kuhesabiwa kuwa imani. Sehemu ya mashaka yanayosikika leo ni sauti iliyozibwa wakati ule.

Hata hivyo, si mashaka yote ni dalili ya uhuru. Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikaibwa, na katika siku zilizofuata watu waliotoka bara wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza ghasia hizo, ilisikiliza mashahidi na kukamilisha ripoti yake mwaka 1999, lakini umma haukuisoma mpaka 2002. Shahidi anayesimama mbele ya tume huwa ameikopesha dola imani yake, kwa maana anataja majina na kurudi kulala mtaa uleule wanamoishi aliowataja. Ripoti inapofungiwa kabatini, yeye hubaki na hatari yote peke yake, tena sasa akijua kwamba serikali inayajua yaliyotendeka na imeamua kukaa kimya. Jeraha hili ni baya kuliko la kutosikilizwa kabisa.

Katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010 ilijaribu njia nyingine, ya kumpa raia nyenzo za kukagua badala ya kumwomba aamini. Mfano bora ni Fomu 34A, hati ya matokeo ya urais ambayo msimamizi wa kituo huijaza na mawakala wa wagombea huitia sahihi, kisha nakala yake hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka kwenye intaneti picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000, hivi kwamba mpiga kura wa Changamwe aliweza kulinganisha karatasi aliyoiona kwenye mlango wa darasa na ile iliyopokewa Nairobi, tarakimu kwa tarakimu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na linastahili sifa kuliko lilivyopewa. Lakini katika uchaguzi huohuo kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa kutoka 9 hadi 29 Agosti kwa mkanganyiko wa karatasi za kura, makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo ya urais, na tangu Januari 2023 tume ikakaa bila makamishna mpaka Julai 2025. Uwazi ulikuwapo, wa kuutunza hawakuwapo.

Taasisi isipojibu, imani haipotei hewani, bali huhamia kwa watu: kwa mheshimiwa, kwa jamaa aliye serikalini, kwa mtu wetu. Mzazi wa Kisauni ambaye mwanawe amechukuliwa na watu wasiovaa sare huenda kituoni, akaambiwa kwamba jina hilo halimo kitabuni, naye, badala ya kuifuata mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, humtafuta mwanasiasa mwenye namba ya simu ya mkubwa fulani. Simu hiyo ikifaulu, kijana hurudi nyumbani na mwanasiasa hushukuriwa, ila kitabu cha kituo hubaki vilevile, bila jina, na mzazi wa nyumba ya pili asiye na wa kumpigia hukuta mlango uleule umefungwa.