Anzeni Sakafuni



Kazi ya kutengeneza nyumba iliyochakaa inajulikana sana katika nchi yetu ya Fizi. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwatoa wengi makwao. Wakavuka ziwa Tanganyika, wakakaa katika kambi za Tanzania miaka mingi. Tangu mwaka 2005 meli ziliwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Walipofika vijijini mwao, wengi walikuta kuta bila paa, majani yameota chumbani, mchwa wamekula miimo ya milango, na mvua imechimba mashimo pale walipolala watoto zamani.

Hapo watu walifanya kazi kwa namna mbili. Mmoja alikuwa na haraka. Aliezeka nyasi juu, akapaka kuta udongo mweupe, akatandika mkeka juu ya sakafu ile ile ya zamani, akawaita jirani washangilie. Kwa mbali nyumba yake ilipendeza. Lakini masika yalipofika, unyevu ulipanda ukutani, udongo mweupe ukabanduka, na mchwa wakajenga tena njia zao mpaka kwenye boriti. Wa pili hakuanza na rangi. Alishika jembe.

Tazameni jinsi fundi mwenye akili afanyavyo. Kwanza hutoa vyombo vyote nje. Kisha huondoa udongo mbovu wa sakafu, pamoja na mizizi na mabaki ya miti, mpaka afike penye udongo mgumu. Akiona njia ya mchwa huifuata chini hata kwenye kiota chao, maana ajua kwamba kuwafagia ukutani ni kazi bure: malkia wao akibaki chini akitaga mayai, watarudi. Halafu hukagua mawe ya msingi na kuziba palipobomoka. Hujaza mawe na changarawe, tabaka kwa tabaka, akimwagia maji kidogo na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka jingine. Huinua sakafu ipite kimo cha ardhi ya nje, na huchimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Baadaye hushughulikia kuta, na mwisho kabisa rangi. Siku zote hizo, jirani apitaye njiani haoni kitu ila lundo la udongo mlangoni, na pengine hucheka.

Ndugu wapenzi, nyumba hiyo ni roho yako. Mungu aliiumba nzuri ili akae humo. Dhambi ya Adamu iliiharibu tangu msingi, na dhambi zetu wenyewe zimeongeza ubovu. Sasa mnaomba Ubatizo. Je, Ubatizo ni chokaa ya kupaka juu ya ukuta? Hasha! Ubatizo waondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizozitenda mtu, wamfanya kuwa mwana wa Mungu na hekalu la Roho Mtakatifu. Fundi mkuu ni Mungu mwenyewe, na nguvu ya kazi ni neema yake. Lakini Mungu havunji mlango wa mtu mzima. Anataka mwenye nyumba aufungue kwa imani, atubu kwa kweli, na akubali ichimbwe hata pembe ile aliyoifunika kwa mkeka.

Basi, chini ya mkeka mna nini?

Kwanza, mna malkia wa mchwa, ndiyo dhambi moja inayozaa nyingine nyingi. Mtu husema: nimempiga mke wangu, nimemtukana jirani, nimemaliza fedha za karo ya watoto. Amehesabu mchwa watatu ukutani. Malkia wao ni pombe ya kila jioni. Asipoiacha hiyo, kesho atawahesabu wale wale.

Pili, mna dawa iliyozikwa kizingitini. Sisemi juu ya majani na mizizi ya kutibu ugonjwa. Hayo Mungu ameyaumba tuyatumie. Nasema juu ya pembe na hirizi anazoziweka mganga, ati shimo litoe dhahabu, ati mtoto asilogwe. Wengine huwaza: nitaitoa baada ya Ubatizo, nikiisha kuona kwamba Yezu ananilinda. Mtu huyo anamjaribu Mungu. Mlinzi wa nyumba ni mmoja tu.

Tatu, mna mali ya mtu mwingine, na kando yake chuki. Hapo ndipo jembe linapogonga jiwe. Misisi ni mji wa dhahabu, na mizani ya udanganyifu yaweza kumtajirisha mtu upesi. Mwingine alilima shamba la jirani aliyekimbia vita, akahamisha mpaka, na mwenyewe aliporudi akaambiwa kwamba hana kitu. Mwingine ndiye aliyeporwa, na tangu siku ile hamwamkii ndugu yake, bali anamtakia mauti. Sikilizeni vema: Ubatizo wasamehe dhambi ya wizi, lakini haufanyi mali ya wizi kuwa halali. Shamba la mwenzako lirudi kwa mwenyewe. Nawe uliyeporwa, una haki ya kudai kilicho chako mbele ya wazee na mbele ya baraza. Lakini kumchukia mwenzako huna haki.

Labda mtasema: Mwalimu, kazi hii ni nzito. Ni kweli. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 6, alimsifu mtu aliyechimba chini sana mpaka akauweka msingi juu ya mwamba. Mto ulipofurika haukuweza kuitikisa nyumba yake. Nanyi mnajua kuchimba! Vijana wetu hushuka mashimoni, wakatoka wamejaa matope, kwa ajili ya chembe ya dhahabu. Je, tuchoke kuchimba mioyo yetu kwa ajili ya uzima wa milele?

Mkumbukeni mfalme Yosia. Katika mwaka wa 18 wa ufalme wake aliamuru hekalu la Yerusalemu litengenezwe. Fedha zilitiwa mikononi mwa maseremala, wajenzi na waashi, wala hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Wakati wa kazi hiyo kuhani mkuu Hilkia alikuta humo kitabu cha Sheria. Mfalme aliposomewa alirarua mavazi yake: aliona kwamba palipobomoka zaidi ni mioyo ya watu. Akaanza upya na taifa lake zima, akaziondoa sanamu. Nanyi mkikubali kuchimba, mtaikuta sheria ya Mungu chini ya vumbi, nayo itawaliza kwanza, kisha itawaponya.

Kwa hiyo Eklezya, katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima, huwaita wateule mbele ya taifa la Mungu na kuwaombea, ili yaliyo dhaifu moyoni yafunuliwe na kuponywa. Nanyi msiiache nyumba tupu baada ya kuifagia. Yezu alionya kwamba pepo aliyetoka hurudi na wenzake saba. Nyumba yenye kukaliwa na Mungu, yenye sala kila siku, Misa na mapendo, haina nafasi kwao.

Tunao mashahidi waliojenga hivyo katika nchi hii hii. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Padri Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alipomwona Bruda amelala chini, alikataa kumwacha, akapiga magoti kando yake, akafa hapo. Mafuriko yalikuja ghafula, nyumba haikutikisika. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Mwombeni Mungu kwa maombezi yao.

Maulizo

1. Kwa nini fundi huanza na sakafu? Kwa sababu ubovu ulioachwa chini huharibu yote yaliyo juu.

2. Ubatizo waondoa nini? Waondoa dhambi ya asili na dhambi zote tulizotenda.

3. Mtu mzima atakaye Ubatizo ajiweke tayari namna gani? Aamini, atubu, aache dhambi, arudishe mali ya watu na kusamehe.

Kusudi la juma hili: Nitainua mkeka pembe moja. Nitarudisha kitu kimoja kisicho changu, au nitamwamkia mtu mmoja nisiyesema naye.

Sala: Ee Bwana, nyumba hii ni yako. Chimba, wala usinihurumie jembe. Kisha ingia, ukae nami siku zote. Amina.