Kurudia Mchezo Uliokwisha

Aurudiaye mchezo wa sataranji uliokwisha hukaa kama hakimu. Lakini je, hukumu yake ni ya haki? Mwaka 1902, mjini Monte Carlo, Georg Marco, mwenye kete nyeusi, alicheza na Ignatz von Popiel. Askofu wake alikuwa amebanwa: akiondoka, ngome iliyo nyuma yake itabaki wazi mbele ya malkia mweupe, akikaa, ataliwa. Marco akaona hana hila, akasalimu amri. Kumbe ushindi ulikuwa wake! Askofu yule angalikwenda hadi ubavuni mwa mfalme mweupe, ngome ingalimkabili malkia mweupe, na malkia mweusi angalitishia kumfisha mfalme papo hapo. Hapana mwendo mmoja uwezao kuzuia mashambulizi mawili ya namna hiyo.

Nilimcheka Marco, mpaka nilipokumbuka kuwa kabla sijapanga kete, kitabu kilikuwa kimekwisha kuniambia kuwa upo mwendo wa kushinda. Nilitafuta kitu nilichojua kipo. Yeye hakunong'onezwa na mtu. Ilimpasa kwanza kuishuku hofu yake mwenyewe. Wala hakuwa mjinga, maana alihariri jarida la sataranji la Vienna, akasifika kwa kuichambua michezo ya wengine. Lawama anayo, kwa kuwa subira kidogo haingalimgharimu kitu. Lakini si lawama ya kipofu.

Siku hizi humwomba rafiki anipangie michezo ya zamani bila kunitajia mshindi. Nimekwisha kusalimu amri mara mbili mahali palipokuwa na wokovu.