Ganda Lililosuguliwa

Kijana mmoja alikuwa akichunga mbuzi karibu na kilima cha Salaita, kati ya Maktau na Taveta. Baada ya mvua kubwa alipanda mpaka kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona shaba inachungulia udongoni. Akachokoa kwa kijiti, kwanza handakini, kisha mteremkoni, akapata maganda kadhaa ya risasi na risasi moja nzima. Akayatia yote mfuko mmoja.

Alikuwa amesikia kuwa watalii hununua vitu vya vita. Basi akayasugua maganda kwa mchanga na majivu hadi yakang'aa, akampelekea mwalimu mstaafu wa kijijini. Ile risasi nzima aliificha nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu nitazamie, haya ni ya nani?"

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaligeuza ganda moja, kitako kikaelekea mwanga wa mlangoni. "Kitako hiki kina ukingo uliojitokeza. Hii ni .303 ya Kiingereza. Ganda la Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 halina ukingo wa namna hii; lina mfuo uliozunguka juu tu ya kitako. Hapa palikuwa na herufi za kiwanda, pengine na mwaka. Umezifuta kwa mchanga."

"Lakini si tumeshajua? Ni ya Waingereza."

"Tumejua aliyeitengeneza. Aliyeifyatua je? Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga, wakaacha bunduki na risasi zipatazo 600,000. Wajerumani wakazitumia. Halafu tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani walikuwa wameishika Salaita hii, na jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini likaja kuishambulia, likarudishwa. Ganda la handakini lina habari yake, la mteremkoni lina yake. Hili ulilitoa wapi?"

Kijana akatazama chini. Asingeweza tena kuyatenganisha.

"Na yote yalikuwa matupu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Jioni ile mdogo wake aliikuta ile risasi, akaiweka juu ya jiwe, akaigonga kwa nyundo. Ganda likapasuka, kipande cha shaba kikamwingia jichoni. Hospitalini walimtibu, lakini jicho halikupona. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tuelewe kilichomponza. Kijana alitaka kujua jina la kitu kabla ya kujua kama kitu chenyewe kimekufa. Ganda lililofyatuliwa halina kichwa cha risasi mdomoni, na fataki iliyo katikati ya kitako ina kishimo palipogongwa na pini ya bunduki. Kikiwepo kichwa, ihesabu kuwa hai, hata ukiona kishimo kwenye fataki: huenda iligongwa ikakataa kulipuka. Shaba kugeuka kijani hakuifanyi baruti iliyo ndani kuwa salama, ijapokuwa imepita miaka mia. Usiichokoe, usiipige, usiitie mfukoni. Weka alama hatua chache kutoka hapo, waondoe watoto, kisha waite polisi. Kumbuka pia kuwa kukaa na risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Ganda tupu nalo lina haki yake. Liache lilipo. Lipige picha bila kuligusa, kitako na ubavu, na rula pembeni. Andika kama ni ndani ya handaki au nje, na kama yako mengine karibu. Usilisugue hata kidogo, maana herufi ndogo za kitakoni ndizo zinazotaja kiwanda na mara nyingi mwaka. Kisha wape habari watu wa makumbusho.

Mzazi mwenye boma karibu na viwanja hivi vya vita amfundishe mwanawe mambo haya kabla ya kumkabidhi mbuzi. Historia ya Salaita ni yetu sote, na hakuna mtalii atakayelipa bei ya jicho la mtoto.