Je, Kumsaidia Mtu Ni Kumfanyia Kazi Yake?

Katika masinagogi mengi ya Marekani iko shule ya dini siku ya Jumapili, ambamo watoto hufundishwa herufi za Kiebrania na sala za baba zao. Waalimu husaidiwa na vijana wa miaka 14 hata 17. Wako katika hao wanaofundishwa kuketi karibu na wanafunzi wenye ulemavu: huyu haoni vema, huyu hasikii, huyu akili yake huenda polepole.

Mtu atadhani fundisho lao la kwanza ni huruma. Sivyo. Huruma wamekuja nayo kutoka nyumbani, na mara nyingi ndiyo iletayo shida. Kijana humwona mwenzake akihangaika na herufi ya Alefu, mara humwandikia, au humjibia mwalimu kabla yule hajafunua kinywa. Darasa laendelea vizuri, na mtoto amenyang'anywa somo lake. Kwa hiyo hufundishwa kuuliza kwanza kabla ya kusaidia. Kusema na mtoto mwenyewe, wala si kusema habari zake mbele yake. Tena wasiketi katikati yake na wenzake, maana mtu aweza kuwa na msaidizi siku zote asiwe na rafiki. Zaidi ya yote hufundishwa kungoja, nako kwa kijana ni kuzito kuliko kubeba mzigo.

Kungoja huku si kugeni kwa Wayahudi. Talmudi yao yasimulia habari za Rabi Preida, aliyekuwa na mwanafunzi asiyeshika somo mpaka arudiwe mara 400. Siku moja rabi alitakiwa kwenda kufanya jambo la wema. Akamfundisha kwanza mara 400 kama desturi, lakini yule hakushika kitu. Alipoulizwa sababu, akaeleza ya kuwa tangu bwana wake alipoitwa, moyo wake haukutulia, akidhani kila saa kwamba ataondoka. Basi rabi akakaa, akamfundisha mara 400 nyingine. Tazameni, kilichomshinda siku ile si uzito wa akili, bali ni hofu ya kuachwa. Na jambo lililomwita rabi lilikuwa jema!

Kijana wa Kiyahudi atimizapo miaka 13 huitwa mbele ya watu kwenye Torati. Zamani sheria ya marabi ilimhesabu kiziwi asiyesema pamoja na watoto wadogo, asiwe na wajibu wa amri. Walitaka kumwondolea mzigo. Lakini asiyedaiwa kitu, nani atamngojea? Leo wako viziwi waitwao, nao hutoa baraka kwa ishara za mikono.

Sisi tuna kipaimara. Mtoto wa namna hii huachwa nyumbani siku ya mafundisho, au hubarikiwa kwa huruma bila kuulizwa hata neno moja. Njia zote mbili zamwambia kwamba hatutazamii kitu kwake. Lakini Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliiandika kwa ajili ya watu wa kawaida, na wanafunzi wetu wakubwa wana umri ule ule wa vijana wa Marekani. Mmoja aweza kuketi karibu naye, na mwalimu apunguze somo moja kwa mwezi, ili ipatikane nafasi ya kumngoja ajibu.