Deni la Shukrani

Methali hunena, "Tenda wema nenda zako." Ni mafundisho mazuri, lakini yamemwelekea mtu mmoja tu, naye ni mtenda. Mtendewa ameachwa kando ya njia bila ya kuambiwa neno. Mfadhili wake amekwisha kwenda. Pengine hakutaja jina, pengine amekufa. Deni lililobaki amlipe nani? Tena, ikiwa katika nyumba ile ile iliyotoka wema atazuka mtu mwingine akamtendea uovu, je, uovu huo hufuta deni la kwanza? Wengi hujibu ndiyo, na hujiona wenye haki. Maisha ya Tibor Rubin, askari Myahudi aliyefariki California mwezi wa Desemba 2015 akiwa na umri wa miaka 86, yalijibu siyo.

Alizaliwa mwaka 1929 katika mji mdogo wa Pásztó, nchi ya Hungaria, mwana wa fundi viatu. Angali mtoto alikamatwa akatiwa katika kambi ya Mauthausen, Austria, mahali ambapo Wanazi waliua watu kwa kazi, kwa njaa na kwa risasi. Baba yake na mama yake waliangamia katika kambi nyingine. Tarehe 5 Mei 1945 askari wa Marekani walifika Mauthausen, wakafungua lango, wakawalisha na kuwauguza watu waliobaki mifupa na ngozi. Kisha askari wale wakaenda zao, kama methali inavyotaka. Kijana yule akaweka nadhiri kuwa, akijaliwa kufika Marekani, ataingia katika jeshi lao.

Nadhiri za namna hii ni nyepesi kuwekwa na nzito kutimizwa. Rubin alifika New York mwaka 1948. Alipojaribu mara ya kwanza kuingia jeshini alishindwa mtihani wa Kiingereza. Mwaka 1950 alijaribu tena akakubaliwa. Vita vya Korea vilipozuka alikuwa bado si raia wa Marekani, na aliambiwa kuwa hakulazimika kwenda. Akaenda.

Huko alimkuta sajini aliyewachukia Wayahudi. Kwa ushahidi ambao wenzake waliutoa baadaye kwa kiapo, sajini huyo alimchagua yeye, mara kwa mara, kwa kazi ambazo aliyetumwa hakutarajiwa kurudi hai. Safari moja aliachwa peke yake juu ya kilima, ailinde njia wakati kikosi kikirudi nyuma kuelekea Pusan. Alipigana na askari wa Korea ya Kaskazini kwa muda wa saa 24, na kikosi kikaokoka. Maofisa wawili waliagiza apendekezwe kupewa nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ile. Maofisa hao waliuawa vitani, na sajini, aliyetakiwa kuandika karatasi, hakuandika.

Hapa ndipo swali linapokaza. Mtu wa daftari angesema kuwa hesabu imekuwa sawa: jeshi lilimpa uhai, na jeshi limejaribu kumpokonya, hakuna amdaiye mwenziwe. Hoja hii ina mvuto, na watu wengi huishi kwayo. Lakini wema wa Mauthausen haukuwa mali ya sajini hata aweze kuufuta. Kila tendo lina mwenyewe. Uovu wa mmoja haupunguzi wema wa mwingine, na wema wa mmoja haupunguzi uovu wa mwingine. Hili la pili lapasa kusemwa kwa sauti ile ile, maana wako wapendao kuwakumbusha wanaoonewa fadhila walizopata zamani, ili wanyamaze. Shukrani ya namna hiyo ni kitanzi. Wenzake Rubin hawakunyamaza. Walimdai haki yake kwa miaka mingi, na tarehe 23 Septemba 2005 Rais George W. Bush alimvika nishani ile, miaka 55 baada ya kilima. Hiyo haikuwa zawadi. Serikali ilikuwa ikilipa deni lake, tena kwa kuchelewa.

Watu hupenda kusimulia kilima, kwa kuwa kilima kina bunduki. Lililo kubwa zaidi ni kambi ya mateka. Mwishoni mwa mwaka 1950, karibu na Unsan, Rubin alijeruhiwa na kutekwa na Wachina, akakaa kifungoni miezi 30. Baridi, njaa na maradhi viliwaua mateka kwa wingi. Wengine walikata tamaa kabla ya kukata roho. Yeye alikuwa ameyajua maisha hayo tangu utotoni. Elimu aliyoinunua Mauthausen kwa bei kubwa aliigawa bure. Usiku alitoroka kwenda kuiba chakula katika maghala na bustani za adui, akijua kuwa akikamatwa atateswa au kuuawa, kisha alirudi ndani na alichopata. Mwanafunzi wa sheria aweza kuuliza kama wizi ule ulikuwa halali. Waliokuwa wakikingojea chakula kile hawakuuliza. Aliwaosha wagonjwa, aliwatoa chawa, alitia funza vidondani wale nyama iliyooza. Watu wapatao 40 walihesabiwa kuwa walipona kwa ajili yake. Wachina walikuwa tayari kumrudisha Hungaria alikozaliwa. Akakataa, akabaki na wenzake.

Alipoulizwa sababu, alitaja neno la dini yake, mitsva. Neno hilo ni amri ya Mungu na tendo jema kwa pamoja. Kiswahili hutenga fadhila na faradhi: ya kwanza mtu husifiwa akiitenda, ya pili hulaumiwa akiiacha. Kwa Rubin yaelekea mambo haya mawili hayakutengana, na ndiyo maana hakuona kuwa mateka wenzake wamekuwa wadeni wake.

Alipata uraia mwaka 1953, akafanya kazi katika duka la vileo la nduguye mjini Long Beach, akaoa, akalea watoto. Katika hospitali ya askari wastaafu ya mji huo alijitolea kwa saa zaidi ya 20,000. Mfanyakazi wa saa 8 kwa siku, siku tano kwa juma, angetumia karibu miaka kumi kuzimaliza. Wazee waliolala pale walikuwa wa vita mbalimbali, na aghalabu hawakupata kuiona Mauthausen. Hawakumkopesha kitu. Lakini askari waliomkopesha hakuwajua majina, na vitanda vilivyokuwa karibu naye vilikuwa hivyo.

Mwaka 2017 hospitali ile ilipewa jina lake. Mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda.