Deni la Ukuta Uliobomoka

Katika Milima ya Upare, juu ya mji wa Same, maji ya vijito hukusanywa usiku katika malambo madogo yaitwayo ndiva, na kulipopambazuka hufunguliwa yakashuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ukuta wa ndiva ukibomoka, huitishwa msaragambo: kila nyumba inayopata maji yale hutoa mtu na jembe lake, na wote huona nani amekuja na nani hakuja. Sheria hii hubebeka kwa sababu mtoaji ndiye mpokeaji.

Vita huivunja. Vikiisha, ukuta uliobomoka huwa mbali na mtu anayetakiwa kuujenga, na aliyeubomoa huwa amekwisha kukimbia. Ndipo swali la nani alipe huwa swali la haki kabla halijawa swali la hesabu.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Gharama ya vita hivyo kwa Tanzania hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500. Amin alikufa Saudi Arabia mwaka 2003 bila ya kushtakiwa. Mzigo uliangukia hazina ya Tanzania, yaani mkulima wa kahawa wa Mbaga, mfugaji wa tambarare na karani wa Same, ambao wengi wao hawajaiona Kagera kwa macho. Uhaba wa sukari na sabuni uliofuata haukuletwa na vita peke yake, maana bei ya mafuta nayo ilikuwa imepanda; lakini vita vilikuwa na fungu lao.

Je, mtu wa Upare alionewa? Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema kwamba Wapare wana sifa ya kukataa kodi. Angetaja Januari 1945, maelfu waliposhuka kutoka milimani wakakusanyika Same mbele ya mkuu wa wilaya, wakiikataa kodi ya mbiru. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, alikiandikia kisa hicho kitabu kidogo mwaka 1971. Mgogoro huo ulidumu mpaka mwaka 1947, kodi ilipoachwa. Lakini watu wale walikuwa wakilipa kodi ya kichwa kabla ya hapo, na msaragambo hawakuuacha. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao na watu wa machifu kwa kipimo wasichokijua. Jirani hakujua kwa nini jirani yake alitozwa pungufu. Mbele ya ndiva hakuna siri ya namna hiyo.

Kwa hiyo umbali wa Kagera si dhuluma kwa mtu wa Mbaga. Ndugu huweza kumjengea ndugu asiyemjua, maadamu ameonyeshwa ukuta na kuambiwa kipimo cha jembe lake. Dhuluma huanza pale mzigo unapomfikia kwa njia ya duka tupu, pasipo mtu wa kumwambia kiasi gani ametoa na kwa ajili ya nini.

Upande wa pili wa mpaka jambo hili ni zito zaidi. Mji wa Masaka, uliotekwa Februari 1979, uliharibiwa vibaya, na sehemu ya uharibifu huo ilifanywa na askari wa Tanzania kwa kulipiza kisasi cha Kagera. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ililipa Tanzania deni la vita. Katika vitabu vya hazina mbili jambo hilo ni la heshima: aliyesaidiwa amemrudishia aliyemsaidia. Lakini hazina haina nyumba ya kubomolewa. Mwenye nyumba wa Masaka, aliyeijenga upya kwa jasho lake, alikuwa mlipa kodi wa Uganda. Basi naye alichangia bei ya mzinga ulioiangusha ile ya kwanza. Na mkulima wa Mbaga, ambaye kahawa yake iliusaidia kuununua mzinga huo, angemtazamaje mtu huyo kama wangekutana kwenye msaragambo mmoja, kila mmoja na jembe lake?