Unyoya wa Mbuni

Miongoni mwa Waturkana, ambao baadhi yao wanaishi Isiolo nchini Kenya, unyoya wa mbuni ulikuwa pambo la heshima kwa wanaume. Nywele zilikandikwa udongo na kufinyangwa, kisha vikawekwa vishikizo vidogo vya kuchomekea manyoya. Pambo hilo halikufumuliwa kila usiku. Mwenyewe alilaza kichwa juu ya ekicholong, kigoda kidogo cha mti, lisije likaharibika.

Mbuni wa Isiolo ni wa aina ya Kisomali, mwenye shingo ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na siku hizi kumiliki nyara za wanyamapori kunahitaji kibali. Ufundi wa pambo hilo la manyoya hutegemea uhai wa ndege: mbuni akitoweka, malighafi nayo hutoweka.